Uzi: Amaan inajaa Simba ikija, timu zetu tunaziachia viti vitupu, na taarab hivyo hivyo. Tumepatwa na nini Wazanzibari?

Mtoto wa Kikwajuni
Assalam alaykum wana jamvi. Kuna jambo limenikaa kooni wiki ya pili sasa.

Jumatano moja nilikwenda Amaan, mechi ya ligi yetu, timu mbili za hapa hapa mjini sizitaji majina. Nimekaa jukwaa la upande unaoitwa Urusi nikaanza kuhesabu watu maana walikuwa wanahesabika. Sitini na tatu, na humo nimewatia askari na wauza njugu. Uwanja umefanyiwa ukarabati mkubwa ukafunguliwa tena Disemba 2023, taa zake usiku unaokota sindano, na mchezaji akisema "nipe" unamsikia hadi juu. Sasa kulikuwa na winga mmoja kijana mdogo, soksi zimemshuka, kampita beki mara mbili, ya pili katia krosi karudishiwa mwenyewe kapiga, goli. Goli zuri wallahi. Akakimbia kuja kushangiria kwa mashabiki, akafika kwenye uzio akakuta viti. Akasimama kidogo, akageuka, akarudi kati anatembea. Ile sura yake bado ninayo.

Uwanja huo huo Mei 2025 Simba na RS Berkane ya Morocco fainali ya marudiano ya Kombe la Shirikisho Afrika, watu wamepanga foleni tangu asubuhi na wengine wamerudi nyumbani hawakuingia.

Ijumaa yake nikenda kusikiliza taarab asilia, kikundi kamili, fidla, udi, kanuni, nai, akodioni, waimbaji wamevaa wamependeza. Wageni ndio wengi. Sisi wenyeji hatukufika ishirini. Halafu kesho yake barazani hao hao waliobaki nyumbani ndio wanasema utamaduni wetu unakufa.

Mie nasema tunapenda vyetu kwa mdomo, miguu haitoki. Anayepinga aje.

Kahawa Chungu
Waalaykum salaam. Napinga. Tatizo ni tivii, halina mjadala. Zamani mtu alikuwa akitaka kuona mpira hana budi aende Mnazi Mmoja au Amaan, leo saa kumi jioni kuna Ligi Kuu Bara, saa moja kuna Uingereza, saa nne Hispania, na yote unayaona umekaa na kahawa yako na kashata. Utamtoa vipi mtu huyo umpeleke kwenye jua?

Msumari
Nakuunga mkono Kahawa Chungu lakini ongeza simu. Mwanangu wa miaka 14 anakutajia kikosi kizima cha timu ya London na akiba zake, muulize golikipa wa timu ya mtaa wetu hamjui, na golikipa mwenyewe anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Gari la Shamba
Nyie wote mnakaa mjini ndo maana hamlioni. Mie naishi Makunduchi. Mechi ikianza saa moja usiku inamalizika karibu saa tatu, mpaka nitoke pale Amaan niende nikatafute gari ya kurudi hakuna gari. Mara ya mwisho nililala kwa shemegi yangu Kwerekwe, asubuhi nikachelewa kazini. Taarab ndio usiseme, inaanza saa tatu wanamaliza saa saba. Miguu inataka kutoka ndugu yangu Kikwajuni, ila irudi na nini?

Mtoto wa Kikwajuni
Gari la Shamba hapo umenigusa, hilo nalikubali. Lakini siku ya Simba watu wa Makunduchi walikuja na walirudi. Walirudi na nini?

Gari la Shamba
Tulichanga tukakodi coaster nzima, watu 30. Utachangisha vipi watu 30 kila Jumatano?

Mwana Jang'ombe
Tuseme kweli jamani. Ligi yetu imeshuka. Kila akitokea kijana anaondoka. Feisal Salum katoka JKU 2018 kenda Yanga, Ibrahim Bacca katoka KMKM naye Yanga, na hao ndo tunaowajua, wako wengine chungu nzima. Sisi tunalea wenzetu wanaoa. Sasa wewe unanitaka nije nimuangalie nani? Huyo winga wako wa soksi kushuka msimu ujao humuoni na weye utamfuata huko huko kwenye tivii.

Na Simba walivyobeba kombe pale Amaan watu walifurahi kwa sababu ni mpira wa kiwango.

Mzee wa Kumbukumbu
Mwanangu Mwana Jang'ombe kombe gani hilo? Simba hawakubeba. Mechi ya kwanza Morocco walifungwa 2-0, ya marudiano Amaan ikawa 1-1, Mutale ndiye aliyefunga la Simba mapema, kisha Kagoma akatolewa kwa kadi nyekundu, na Berkane wakasawazisha dakika za nyongeza. Jumla 3-1. Mie nilikuwepo na nilitoka kichwa chini.

Mwana Jang'ombe
Sawa mzee wangu nimeteleza, shukran. Nilichanganya na furaha ya nusu fainali na Stellenbosch, ile 1-0.

Mtani wa Malindi
Mwana Jang'ombe kawapa Simba kombe ambalo CAF wenyewe hawakuwapa hahaha. Na jina lako la zamani humu si lilikuwa na neno Yanga ndani yake?

Wete Kwetu
Nyinyi watu wa Unguja mkisema "Wazanzibari hatutoki" muwe mnasema Waunguja. Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa kwetu Gombani, zilikuja timu za taifa, Kenya, Burkina Faso, Kilimanjaro Stars ya Bara na Zanzibar Heroes wetu. Yakhe! Watu walitoka Micheweni na Konde juu ya magari ya mchanga, wazee wameshikwa mkono, wanawake wamebeba watoto. Mie nilifika saa sita mchana na fainali ni usiku, nikakuta watu wameshatandika. Heroes tukamfunga Burkina Faso 2-1, refa alipopiga kipenga cha mwisho mtu nisiyemjua alinikumbatia akanivunja miwani na wala sikumuuliza. Nilirudi Wete naona ukungu ukungu lakini nimeridhika.

Sasa niambieni, Pemba hakuna tivii? Pemba hakuna simu? Gari za usiku ndo tunazo sisi?

Kahawa Chungu
Wete Kwetu hiyo ni timu ya taifa na ni fainali, usilinganishe na mechi ya ligi. Mechi za ligi hapo Gombani mnajaa?

Wete Kwetu
Hatujai, siwezi kusema uongo. Lakini tunazidi sitini na tatu.

Bi Mkubwa wa Vuga
Salaam kwenu. Nimesoma yote nikaona wanaume mnasema wenyewe kwa wenyewe.

Taarab haijafa wala haiumwi. Njooni kwenye harusi zetu muone. Nani kawaambia taarab inapimwa kwa viti vya ukumbini na tiketi? Taarab inaishi kwa watu wanaojuana. Mie nikenda harusini na kanga zetu sare, wimbo ukinigusa nainuka na noti yangu naikunja vizuri nakwenda mpaka kwa mwimbaji namtunza, na kila aliyekaa pale anajua kwa nini nimeinuka kwenye beti ile na sikuinuka kwenye beti nyengine. Hiyo ndo taarab. Sasa ukanikalisha kwenye viti vya mstari mbele yangu mtalii ana kamera, nikiinuka kutunza napigwa picha, ladha yote imeondoka. Ndo maana hatuji.

Na uwanjani hatuji kwa sababu hakuna aliyetufikiria. Mimi na binti zangu watatu tunapenda Heroes sana. Siku moja tumekaa, matusi yanayotoka nyuma yetu nilizidi kuona haya mbele ya wanangu. Tukaondoka kabla ya mapumziko.

Mtoto wa Kikwajuni
Bi Mkubwa ahsante mama. Hili la matusi ni aibu yetu sisi tuliokaa karibu na tukanyamaza. Lakini la taarab nakuuliza kwa heshima, harusini siku hizi si kinanda tu na kibao kimoja cha plebeki, muziki uliokwisha kurikodiwa? Fidla iko wapi? Kanuni iko wapi?

Fundi Mitambo
Hapo sasa mmekuja kwangu. Mie kazi yangu ni sauti, nimefunga spika kwenye harusi, mikutano, maulidi na matamasha.

Muziki wa laivu unakufa kwa sababu yetu mafundi na waandaaji. Kanuni ina nyuzi zaidi ya sabini, mpigaji anazitia sawa mmoja mmoja kwa ufunguo, na unyevu wa hapa kwetu ukibadilika zinalegea anaanza tena. Sauti yake ndogo, tamu kama maji yanadondoka kwenye mtungi. Ukiweka maiki mbali haisikiki, ukiiweka karibu na spika imeelekea kule inapiga mluzi. Kuipata sawa inataka saa nzima kabla watu hawajaingia. Saa hiyo hatupewi. Tamasha moja, silitaji, niliambiwa nina dakika 15 kwa watu kumi na wanne wenye ala. Nikafungua maiki ya mwimbaji na kinanda, wengine nikawaacha kama walivyo. Mzee wa kanuni alipiga usiku mzima vidole vinakwenda na hakuna aliyemsikia hata mmoja. Alipomaliza aliifunika na kitambaa chake cha kijani akaniambia "ahsante mwanangu" na mimi nilijua kuwa anajua. Naumia mpaka leo.

Sasa msikilizaji wa kwanza kuja pale usiku ule akasikia kinanda tu, atarudi kwa ajili ya nini?

Dumbaki
Fundi Mitambo umesema. Ndo maana mie nasema turudi kwenye kidumbaki. Fidla moja, sanduku, dumbaki mbili, cherewa na mkwasa, basi. Hakitaki umeme. Sanduku lenyewe ni kasha la chai na fimbo na kamba, na likipigwa chini ya mwembe unalisikia kifuani kabla ya sikioni.

Mnakumbuka giza lile la Disemba 2009 mpaka Machi 2010? Miezi mitatu Unguja nzima hakuna umeme. Tabu ilikuwa kubwa, maji hakuna, samaki wanaoza, biashara zimekufa. Lakini mtaani kwetu kila usiku watu walikuwa nje, kidumbaki kinapigwa, watoto wanacheza. Mie ujuzi nilionao niliupata miezi ile.

Msumari
Nakumbuka. Na AFCON ya Angola ilichezwa Januari ile ile. Mwenye jenereta alikuwa mfalme, tulichanga petroli kila mtu na chupa yake, fainali Misri na Ghana tuko watu themanini uani kwa tivii ya inchi 14. Goli la Misri limeingia mwishoni mwishoni na mafuta nayo yakaisha muda ule ule, mtaa mzima ulisikika.

Kahawa Chungu
Basi si ndo nilichosema mie! Umeme ukikatika watu wanatoka. Tatizo tivii.

Mzee wa Kumbukumbu
Kahawa Chungu hapana. Santuri ilipoingia hapa watu wangeweza kusema hivyo hivyo. Siti binti Saad alikwenda Bombay 1928 kurikodi, santuri zake zikawa zinapigwa kila mgahawa, na watu hawakuacha kwenda kumsikiliza, ndo kwanza walizidi. Mashine ilimtangaza. 1995 tulipochukua Kombe la Challenge la Afrika Mashariki na Kati kule Uganda tulisikiliza kwa redio, Sauti ya Tanzania Zanzibar, tumejazana barazani redio moja watu arubaini, na waliporudi tulitoka kuwapokea. Redio haikutuweka ndani.

Naona kitu chengine. Tumekatishwa tamaa. Machi 2017 CAF wakatuingiza uanachama kamili, mwanachama wa 55, watu wakalia kwa furaha. Julai hatukumaliza hata miezi mitano wakatufuta. Klabu zetu zinacheza mashindano ya CAF kama za nchi nyengine, lakini Heroes AFCON hawaruhusiwi. Mtoto anayecheza ligi yetu hana pa kufika kwa jina la Zanzibar isipokuwa Challenge. Shabiki naye anaona njia imefungwa mbele, atatoka kwenda wapi?

Chipukizi 2017
Mzee umenikumbusha mwaka ule ule wa 2017 tulivyobeba Challenge Kenya. Mie nilikuwa skuli.

Mzee wa Kumbukumbu
Hatukubeba mwanangu. Fainali Machakos na Kenya ilikuwa 2-2, tukatolewa kwa penati, Matasi akazidaka tatu. Kombe letu la Challenge ni lile la 1995 tu.

Chipukizi 2017
Kumbe. Mie nakumbuka mapokezi yalivyokuwa nikajua tumebeba.

Mtoto wa Kikwajuni
Chipukizi umesema jambo kubwa bila kujua. Tulifungwa na tukawapokea kama mabingwa. Kwa hiyo si suala la kushinda. Tuliwafunga Bara 2-1 makundi, tukawatoa Uganda 2-1 nusu fainali, kocha wetu mwenyewe Hemed Morocco, na watu waliiona ile timu ni yao. Sasa hiyo "ni yetu" kwenye ligi imekwenda wapi?

Mwana Jang'ombe
Imekwenda Kariakoo ya Dar es Salaam. Mlandege ilipomfunga Simba 1-0 fainali ya Mapinduzi Januari 2024, pale pale Amaan, na mwaka wa nyuma yake Mlandege walikuwa mabingwa pia, jirani yangu aliyezaliwa Mlandege, babake kazikwa huku huku, alikaa nje kwenye kibaraza hali chakula. Nikamwambia hongera timu ya mtaa wenu imechukua kombe mara mbili mfululizo. Akanijibu niache.

Mtani wa Malindi
Huyo ana haki yake, mapenzi hayana mtaa. Mie Simba tangu tumboni na Malindi tangu tumboni, wote nawapenda. Zikikutana ndo tabu, nakaa nyumbani nakunywa maji.

Gari la Shamba
Na wewe basi upo kwenye wasiotoka.

Mkaazi wa Mkunazini
Habari zenu. Mbona hakuna aliyegusa Sauti za Busara? Tangu 2004 kila Februari Ngome Kongwe inajaa, na ni muziki wa laivu, plebeki hakuna. 2016 haikufanyika fedha zilikosekana, na 2017 ikarudi na watu wakarudi. Kwa hiyo watu wanatoka wakiandaliwa kitu. Mie nakaa dakika tano kutoka pale, madirisha yangu yanatikisika siku zote za tamasha na nafurahi. Tatizo la ligi na vikundi vya taarab ni matangazo. Nitajuaje kama Jumatano kuna mechi? Bango liko wapi? Nadi Ikhwan Safaa wapo tangu 1950, klabu ya taarab kongwe namna ile, na kijana wa chuo hajui wanafanya mazoezi lini.

Dumbaki
1905 ndugu yangu, si 1950. Umewapunguzia miaka 45.

Mkaazi wa Mkunazini
Astaghfirullah. 1905. Ahsante.

Bi Mkubwa wa Vuga
Busara inajaa lakini siku ya kwetu wenyeji angalieni wanakaa wapi. Vijana wanasimama nyuma kabisa. Mie napenda sana, nimewaona wasanii wa nchi ambazo sitofika, ila tusijidanganye kuwa ni kipimo cha taarab.

Fundi Mitambo
Na pale fundi anapewa muda wa kupima sauti. Mchana kutwa wanapima. Narudia tena.

Mtu wa Forodhani
Mie naangalia mbali zaidi. Vitu vya pamoja vinatuondoka kidogo kidogo na tunazoea. Beit el Ajaib imeanguka sehemu Disemba 2020, watu wawili walifariki, wiki ya kwanza sote tulikuwa pale tunalia, baadae tukawa tunapita tu na urojo wetu mkononi. 2027 AFCON inakuja kwetu na Kenya na Uganda, dunia itatuangalia, na mie swali langu ni kama baada ya sherehe kuondoka tutabaki na uwanja na watu sitini na tatu.

Mama Ntilie wa Amaan
Mie nauza pale nje vitumbua na chai, acheni niseme na mie. CHAN, ile michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, Agosti 2025 ndio nilishangaa. Sudan na Nigeria, timu zote mbili si zetu, na watu walikuja! Sudan kashinda 4-0. Kwao kuna vita tangu 2023, ligi yao yenyewe imevurugika, na vijana wale wanacheza vile. Baada ya mechi mzee mmoja Msudani kaja kununua chai, bendera kaivaa shingoni, mkono unatetemeka chai inamwagika, nikamjazia tena sikumtoza. Hajui Kiswahili na mie Kiarabu changu cha msikitini. Akasema "Zanzibar, Zanzibar" akaweka mkono kifuani. Walivyomtoa Algeria kwa penati robo fainali, hapo hapo Amaan, karudi na wenzake wanane na wote walikunywa kwangu.

Watu wangu wa Unguja walimshangiria mtu ambaye hana uwanja wa kwao. Kwa hiyo msiwaseme vibaya sana.

Mtoto wa Kikwajuni
Mama hii posti nimeisoma mara tatu. Nakuomba unisamehe kama nilikuwa mkali. Lakini swali langu ndo linazidi, kama tunaweza kumshangilia Msudani kwa moyo ule, yule kijana wa soksi kushuka kakosa nini kwetu?

Mwana Jang'ombe
Kakosa jina.

Kahawa Chungu
Kakosa tivii!

Mkaazi wa Mkunazini
Kakosa bango.

Wete Kwetu
Mleteni Pemba.

Gari la Shamba
Jumatano hii kuna mechi nyengine, mtu wa kamati ya timu kaniambia wameirudisha saa kumi jioni. Mie nina zamu ya asubuhi mjini natoka saa tisa, ntapita. Kikwajuni upo upande gani?

Mtoto wa Kikwajuni
Urusi, ngazi za chini karibu na uzio. Chukua na wenzako. Bi Mkubwa njooni na wewe na wanao, tutakaa nyuma yenu sisi, nitamkanya mtu mwenyewe akifungua mdomo.

Bi Mkubwa wa Vuga
Saa kumi naweza, nikimaliza kupika. Huyo mtoto anavaa jezi namba ngapi?

Mtoto wa Kikwajuni
17.